Uhandisi wa jiolojia (shahada ya kwanza)

Uhandisi wa jiolojia ni tawi la uhandisi linalotumia elimu ya miamba, udongo na maji ya ardhini katika kubuni mabwawa, mahandaki, barabara, migodi na misingi ya majengo. Katika nchi kama Kanada, Marekani na Uturuki hufundishwa kama shahada ya kwanza inayojitegemea, kwa kawaida kwa miaka minne. Nchini Uingereza fani inayokaribiana nayo husomwa zaidi katika shahada ya uzamili.

Tofauti na jiolojia

Mwanajiolojia hueleza mwamba ni wa aina gani, una umri gani na ulitokeaje. Mhandisi wa jiolojia huanzia hapohapo, lakini lazima afike kwenye namba: mwamba utabeba mzigo kiasi gani, mteremko ukatwe kwa pembe ipi usiporomoke, maji mangapi yatapenya chini ya ukuta wa bwawa. Tena hupiga hesabu hizo juu ya kitu ambacho hajakiona chote. Anayejenga kwa chuma hupewa chuma kilichopimwa kiwandani. Yeye hupewa mlima na matundu machache yaliyochorongwa.

Masomo

Mwanzoni mwanafunzi husoma hisabati, fizikia, kemia na mekanika pamoja na wanafunzi wengine wa uhandisi. Baadaye huja elimu ya madini, jiolojia ya miundo, mekanika ya udongo na ya miamba, jiofizikia na mwendo wa maji ya ardhini. Mafunzo ya nje huchukua majuma kadhaa, na huko ndiko wengi hugundua kama kazi hii inawafaa.

Mfano mzuri wa kazi ya mwanafunzi ni kipimo cha RQD, kilichobuniwa na Don Deere wa Marekani katika miaka ya 1960. Mashine ya kuchoronga hutoa mwamba wenye umbo la fimbo, mara nyingi ukiwa umekatika. Vipande vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi hujumlishwa, kisha jumla hulinganishwa na urefu wote uliochorongwa. Ikiwa zimechorongwa sentimita 150 na vipande hivyo vinafikia 120, jibu ni asilimia 80, yaani mwamba mzuri. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu ni kutambua kama kipande kilikatika ardhini au kilivunjwa na mashine. Zaidi ya hayo, namba hiyo haisemi lolote kuhusu utando wa udongo wa mfinyanzi uliojificha kati ya matabaka.

Bwawa la Vajont

Utando wa namna hiyo ulihusika katika maafa ya Vajont, kaskazini mwa Italia. Ukuta wa bwawa hilo ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita 260. Tangu mwaka 1960, maji yalipokuwa yakijazwa, ilionekana kwamba ubavu wa mlima Toc ulikuwa ukisogea. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 mita za ujazo zipatazo milioni 260 za mwamba ziliteleza na kuingia bwawani. Wimbi liliruka juu ya ukuta, likafuta mji wa Longarone na kuua watu wapatao 2,000. Ukuta wenyewe haukuanguka. Bado umesimama hadi leo. Kosa halikuwa katika zege bali katika mlima uliokuwa kando yake.

Kazi na usajili

Wahitimu hufanya kazi migodini, katika ujenzi wa reli na barabara, utafutaji wa maji, nishati ya jotoardhi na tathmini ya maporomoko ya ardhi. Kabla ya kujiunga na chuo inafaa kuangalia jina la shahada, kwa sababu shahada ya jiolojia pekee kwa kawaida haimfanyi mtu asajiliwe kuwa mhandisi. Nchini Tanzania wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nchini Kenya wahandisi na wanajiolojia wana bodi tofauti.