Ng'ombe Akifa Ghafla, Weka Kisu Chini

Hebu chukulia, msomaji mpenzi, kwamba wewe ni mfugaji pale Malili, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Kiangazi kimekaza na mifugo inang'oa nyasi pamoja na udongo. Asubuhi moja unafika zizini na kumkuta fahali wako, aliyekuwa mzima jana jioni, amekufa. Tumbo limefura kama ngoma. Damu nyeusi inamtoka puani na haigandi.

Majirani wanafika, huyu na kisu, yule na sufuria. "Nyama haitupwi," wanasema. "Tukiichemsha sana haitatudhuru." Nao watoto wako hawajaonja nyama tangu Krismasi. Utafanyaje?

Weka kisu chini. Huenda hicho ni kimeta. Mwaka 2015 wataalamu wa afya ya watu na ya mifugo nchini Kenya walipopanga maradhi ya wanyama yanayoambukiza binadamu kwa uzito wake, kimeta kiliwekwa nambari ya kwanza. Mwaka huo huo kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 katika Mbuga ya Ziwa Nakuru.

WEZI WATATU

Wengi wetu hudhani kuwa bakteria huua kwa kuutafuna mwili, kama mchwa anavyotafuna nguzo. Sivyo. Bakteria wa kimeta ni kiwanda kidogo. Ndani yake hutengeneza protini na kuzisukuma nje, ziingie katika damu ya yule aliyemvamia. Protini hizo ndizo sumu yenyewe. Ziko tatu, na hufanya kazi kama genge la wezi.

Ya kwanza ni mvunja mlango. Hujibandika kwenye ukuta wa seli, ikakatwa kidogo, kisha protini saba za aina hiyo hushikana na kufanya pete. Wenzake wawili hudandia juu ya pete hiyo. Seli, isijue imefikiwa na nani, humeza mzigo wote ukiwa ndani ya kifuko. Maji ya kifuko hicho yanapogeuka kuwa makali kama ndimu, pete hutoboa ukuta wake, na wale wawili hupenya ndani.

Mmoja hukata nyuzi za mawasiliano ambazo seli hutumia kuomba msaada. Askari wa mwili hubaki wamelala huku nyumba ikiibwa. Mwingine huvuruga mizani ya maji, ndiyo maana mgonjwa wa kimeta huvimba. La kushangaza ni kwamba mvunja mlango akiwa peke yake hana madhara, na wenzake bila yeye hawawezi kuingia.

Katika miaka ya 1950, watafiti wa Uingereza Harry Smith na James Keppie walionyesha kwamba damu ya mnyama mwenye kimeta inaweza kuua hata baada ya bakteria kuchujwa wote. Hapo ndipo penye hatari, msomaji. Dawa kama penisilini huua bakteria, lakini haiwezi kuirudisha sumu iliyokwisha kumwagwa. Anayechelewa kwenda hospitali anaweza kufa na dawa ikiwa mwilini.

KISU NDICHO HUMFUNGULIA

Sasa turudi kwa fahali wako. Akiachwa bila kupasuliwa, bakteria wengi walio ndani yake hufa kwa kuoza kwa mzoga. Lakini ukimpasua, bakteria hukutana na hewa na kujifunga katika ganda gumu liitwalo spora. Spora hustahimili jua, ukame na hata maji yanayochemka, hivyo usiitegemee ile sufuria. Hulala udongoni miaka mingi, zikingoja mnyama mwingine atakayezimeza akila nyasi fupi za kiangazi.

Kumbuka pia kwamba ardhi hubadilisha wenyewe. Mwaka 2009 Serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza. Popote ardhi inapouzwa, anayekuja kuchimba msingi au kulisha mbuzi hajui palipozikwa mzoga. Kwa hiyo mahali hapo pawekwe alama, na watoto waambiwe.

UFANYE NINI?

Usimchune wala kumburuta. Mfunike, fukuza mbwa na tai, kisha mwite afisa wa mifugo mara moja. Yeye ndiye atakayesimamia kumchoma au kumzika katika shimo la mita 2 hivi.

Kama umeshika nyama au ngozi yake, chunguza mikono yako kwa siku kadhaa. Kimeta cha ngozi huanza kama kipele kinachowasha, kikageuka kidonda chenye gamba jeusi ambacho hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, wengi hukidharau, na mdharau mwiba mguu huota tende. Kati ya watu 100 wasiotibiwa, hadi 20 wanaweza kufa. Wakitibiwa mapema, karibu wote hupona. Mwambie daktari wazi kwamba ulishika mzoga, na kama uliila nyama, usione haya kusema.

Kinga ipo. Mwaka 1937 Max Sterne, daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, alipata bakteria wa kimeta aliyepoteza koti linalomficha na askari wa mwili, ingawa bado humwaga zile protini. Mwili wa ng'ombe humshinda kwa urahisi, na papo hapo hujifunza kumtambua mvunja mlango. Chanjo ya mifugo ingali inatengenezwa kutokana na bakteria huyo. Ng'ombe huchanjwa kila mwaka. Ila usimpe dawa za kuua bakteria siku hizo za chanjo, maana utaiua chanjo yenyewe.

Najua ni vigumu kuzika nyama wakati watoto wana njaa. Fahali umekwisha kumpoteza, na hasara hiyo inauma. Lakini fahali mwingine hununuliwa. Mtoto hanunuliwi.