Mbwa Waliokula Sare ya Dogo: Tupige Hesabu, Wadau

Leo nataka tuongelee mbwa. Siyo hawa wa kwetu wanaolala chini ya mkorosho, nasema wale sita wanaokimbia kwenye runinga za vibanda vya kubeti. Najua wengi mnawajua: namba 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 rangi ya chungwa, na 6 yule wa mistari. Mimi nilikuwa nawapita tu, mpaka Jumamosi moja ya Desemba waliponiharibia siku.

Ilikuwa hivi. Nyumbani kwetu ni Nachingwea. Hela ya korosho ilikuwa imeshaingia benki, mzee akaamua familia tutoke kidogo, twende Ruangwa kuangalia mpira Uwanja wa Majaliwa. Kwa wasiojua, Ruangwa ndiyo nyumbani kwa Namungo FC, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, mwaka 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, na msimu uliofuata ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa watu wa kusini ile siyo timu ndogo.

Tulikwenda sita: mzee, bi mkubwa, bamdogo, dada, mimi na dogo wetu wa mwisho, aliyekuwa amefaulu darasa la saba na anasubiri kuanza fomu wani Januari. Bi mkubwa alibeba mihogo ya kukaanga na chupa ya chai. Bamdogo alibeba shilingi 80,000 za dogo, kwa sababu fundi cherehani anayemfahamu yuko Ruangwa, na mpango ulikuwa tukitoka mpirani wapite wakapime sare, wanunue na madaftari.

Tulipofika stendi bamdogo akamwambia mzee, "Kaka, tangulieni, nakuja sasa hivi." Filimbi ikalia, bamdogo haonekani. Dakika kama ya thelathini mzee akanituma nikamtafute, dogo akanifuata. Tukamkuta kwenye kibanda cha kubeti. Dogo hakuingia, sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18, akabaki mlangoni anachungulia runinga. Akaniuliza:

"Kaka, hao mbwa wanafugwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Bamdogo naye hakuwa nalo, na ile 80,000 ilikuwa imeshakwenda. Yote. Mpira ulikuwa hata haujafika mapumziko.

Tangu siku ile nimesoma, nimeulizia, nimepiga hesabu. Swali la dogo ndilo lilikuwa la maana kuliko yote siku ile, kwa hiyo namjibu hapa na nyie wadau msome.

MBWA WA KWELI WAPO, ILA SIYO KWETU

Mbio za mbwa ni mchezo wa kweli. Mbwa wanaotumika ni aina ya greihaundi, wembamba, miguu mirefu, na akifungua mbio anaweza kufika karibu kilomita 70 kwa saa. Zamani walikuwa wanakimbizwa nyuma ya sungura halisi. Mwaka 1919 Mmarekani mmoja, Owen Patrick Smith, akafungua kiwanja pale Emeryville, California, ambapo mbwa wanamfukuza sungura wa bandia anayeendeshwa na mashine. Sungura hakamatwi, na mbio nzima haichukui hata dakika moja.

Uingereza wakaupokea. Tarehe 24 Julai 1926 mbio za kwanza za namna hiyo zikafanyika uwanja wa Belle Vue, mjini Manchester, na haukupita muda mchezo ukawa wa wafanyakazi wa viwandani. Mtu anatoka kazini, anakwenda na familia, wanakula chipsi, wanaangalia mbwa. Zile rangi sita mnazoziona kwenye runinga zimetoka huko huko, ndizo rangi za vizibao wanavyovaa mbwa wa Uingereza.

Leo mchezo wenyewe unakufa. Watu wamelalamikia mbwa kuvunjika miguu na kutupwa wakishazeeka. Belle Vue yenyewe ilisimamisha mbio mwaka 2020. Jimbo la Florida kule Marekani lilipiga kura ya kuzizuia mwaka 2018, na Desemba 2024 serikali ya New Zealand ikatangaza kwamba na wao wanafunga.

Nachingwea hakuna kiwanja cha mbwa, Ruangwa hakuna. Kwa hiyo dogo, jibu ni hili: mbwa wale hawafugwi popote. Ni picha.

NANI ANAMCHAGUA MSHINDI?

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Ukiangalia runinga unaona mbwa anatoka nyuma, anapita mmoja, anapita wa pili, moyo unakwenda mbio. Unadhani unaangalia mashindano. Ukweli ni kwamba kompyuta inachagua matokeo kwa namba za bahati nasibu, halafu inakuchorea picha inayolingana na matokeo hayo. Ipo pia mifumo inayorusha video za mbwa wa kweli waliokimbia zamani, na hapo kompyuta inachagua tu video ipi irushwe. Mbwa hajachoka, hajashiba, haumwi mguu. Hana mguu.

Maana yake ni kwamba yale maneno ya kijiweni, eti "namba 4 hajatoka raundi kumi, sasa lazima atoke," hayana kichwa wala miguu. Kompyuta haikumbuki raundi iliyopita. Kila raundi inaanza upya, sawa na kurusha shilingi juu: hata ikiangukia mwenge mara tano, mara ya sita haijui kilichotokea nyuma. Wale jamaa wanaoandika matokeo kwenye daftari tangu asubuhi wanaandika vitu ambavyo haviwasaidii chochote.

Na siyo lazima mtu awe amechezea kompyuta ili wewe uliwe. Biashara hii ni halali, ina leseni, na inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Hela yako inakwenda kihalali kabisa, kwa sababu imeshapigiwa hesabu kwenye odi.

HESABU YA ODI

Kama umekaa kwenye kompyuta sasa hivi fungua kikokotoo twende pamoja. Chukulia raundi moja, hizi odi ni za mfano tu:

Namba 1: 4.00
Namba 2: 8.00
Namba 3: 2.50
Namba 4: 5.00
Namba 5: 12.00
Namba 6: 10.00

Sasa sema wewe mjanja, unataka upate 1,000 vyovyote vile, ashinde yeyote. Kwa namba 3 utaweka 400, kwa sababu 400 mara 2.50 ni 1,000. Namba 1 utaweka 250. Namba 4 utaweka 200. Namba 2 utaweka 125. Namba 6 utaweka 100. Namba 5 utaweka kama 83. Jumlisha.

Umepata 1,158, siyo? Umetoa 1,158 ili upewe 1,000. Hiyo 158 ya juu ndiyo ya mwenye kibanda, na ameipata bila kujali mbwa gani kashinda. Kwa odi hizi, katika kila 1,000 inayowekwa mezani, wastani wa kama 137 haurudi. Na kodi ya serikali kwenye ushindi bado sijaitaja.

Mtu atasema, buku moja kula 137 siyo mbaya. Sawa, lakini tatizo ni kasi. Ligi Kuu timu inacheza mara moja kwa wiki. Mbwa wa kwenye runinga wanakimbia kila baada ya dakika chache, kutwa nzima, na kwenye simu hata usiku. Ukicheza buku kila dakika tatu, kwa saa moja umeweka 20,000. Kwa saa tano umeweka laki moja, na wastani wa 13,700 umeuacha pale. Kuna atakayetoka na zaidi, yupo, na jina lake litasikika mtaa mzima. Lakini alicholipwa kimetoka kwenye mikeka iliyochanika ya wenzake, na ya wenzake hao hakuna anayeisimulia.

BAMDOGO ALIPITIA WAPI?

Sasa mtaniuliza, kama wastani ni 137 kwa buku, ilikuwaje bamdogo akapoteza 80,000 kabla ya mapumziko? Alinieleza mwenyewe siku ya pili, tumekaa barazani. Alianza na buku kwa namba 4. Akaliwa. Akaweka buku mbili ili arudishe. Akaliwa. Akaweka 4,000, halafu 8,000, halafu 16,000, halafu 32,000. Hapo jumla ni 63,000. Mfukoni imebaki 17,000, haiwezi hata kudabo tena. Akaiweka yote. Akaliwa.

Raundi saba. Zikitoka kila dakika tatu ni dakika 21.

Anasema hakuwa mpumbavu, alijua hesabu: namba 4 akitoka mara moja tu, kwa odi ya 5.00 kila kitu kinarudi na chenji juu. Ni kweli. Lakini piga na upande wa pili. Kwa zile odi za mfano, ukiitoa ile ya mwenye kibanda, nafasi ya namba 4 kushinda ni kama 17 katika 100. Kwa hiyo uwezekano wa raundi saba kupita bila yeye kushinda ni zaidi ya mara 1 katika 4. Yaani ukichukua watu wanne kama bamdogo, kila mmoja na sare ya mtoto mfukoni, tegemea mmoja arudi mikono mitupu kabla ya mapumziko.

Sisi wa Nachingwea hii hadithi ya kurudisha hela hatujaianza leo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta mpango wake mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri sana. Mavuno yakagoma, wakaongeza hela, yakagoma tena, wakaongeza tena. Mpaka wanaufuta mwaka 1951 zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimeteketea. Wale walikuwa serikali, hasara yao ikabebwa na nchi nzima. Ya bamdogo ilibebwa na mtoto wa miaka kumi na tatu.

SASA TUFANYEJE?

Sijaja kumhubiria mtu. Nina ndugu wanaobeti na tunakula sahani moja. Nasema mambo matatu tu. Kwanza, kabla hujaweka hela, gawa 1,000 kwa kila odi halafu jumlisha, ujue unaachia kiasi gani. Pili, ukiliwa, imekwenda. Neno "nirudishe" ndilo linalomaliza watu. Tatu, hela yenye jina la mtu usiingie nayo kwenye kibanda kile. Hela ya sare, ya salfa ya mikorosho, ya dawa ya bibi, iache nyumbani au mpe mwingine aishike.

Siku ile mzee hakugomba. Alisema tu, "Mdogo wangu, ungeniambia," basi, na njia nzima ya kurudi Nachingwea hakuna aliyeongea. Bamdogo aliuza simu yake, akaongezea na vibarua vya kubangua korosho, na dogo akaanza fomu wani wiki mbili baada ya wenzake. Nimejumlisha nauli, tiketi za watu sita, mihogo na soda za siku ile. Haifiki hata nusu ya hela iliyoliwa na mbwa.

Mechi yenyewe nilikosa bao, nilikuwa namtafuta bamdogo. Dogo naye alilikosa. Mpaka leo analidai.

Nawasilisha.