Kanyaga, Shikilia, Achia

Nilikuwa napita zangu tu. Jumamosi, saa kumi na moja jioni, uchochoro mmoja wa Chumbageni, Tanga. Nyuma ya ua wa michongoma nikasikia sauti ya mwanamume: "Kanyaga." Ya mwanamke ikajibu: "Nimekanyaga." "Shikilia." "Nimeshikilia." Kimya. Kisha, baada ya muda ulioniwia mrefu: "Achia." "Nimeachia." Wakaanza upya. Nilifika kona ya mtaa, nikageuka. Nisingelala usiku ule.

Ndani ya ua kulikuwa na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, rangi ya maziwa ya mgando, imekalia stendi nne, magurudumu yamevuliwa na kulazwa chini ya bodi. Bibi mmoja ameketi kwenye kiti cha dereva, khanga mabegani, mguu peku kwenye pedeli. Mumewe, mwalimu mstaafu wa fizikia, hakuonekana. Zilichomoza ndara zake tu upande wa nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ngoja kwanza. Mama, kanyaga!"

Kumbe nilikuwa nimefuma hatua ya mwisho ya kazi ya wiki tatu. Mwalimu ameng'oa dramu za breki za mbele, akafunga diski. Gari lake ni la 1300, la mwanzoni mwa miaka ya 1970, lililotoka kiwandani na dramu nne. Volkswagen walikuwa wameanza kufunga diski za mbele kwenye ndugu yake wa 1500 tangu 1966, na mwalimu alibahatika kupata moja bovu, limelala kwenye majani. Akatoa diski, kalipa, na masta silinda yake pia, yaani pampu inayosukumwa na pedeli, maana ile ya dramu hubakiza mgandamizo kidogo kwenye bomba hata mguu ukitoka, na pedi za diski zingebaki zimeng'ang'ania.

Kwa nini ajisumbue? Ukweni kwake ni Soni. Barabara inayopita huko, kutoka Mombo hadi Lushoto, ni kilomita kama 33 za kona, mlima upande huu, korongo upande ule.

"Dramu ikipata moto inatanuka, inavikimbia viatu vilivyo ndani," alisema, akichora vumbini kwa kidole. "Diski ikipata moto inanenepa, inazifuata pedi. Watu wanadhani nimeweka diski ili nisimame haraka. Hapana. Kona ya kwanza dramu zangu zilisimama vizuri kabisa. Mimi naitaka kona ya thelathini."

Tena kuna alichopoteza, na alikiri. Dramu hujisaidia: mzunguko wa gurudumu hukivuta kiatu kimoja kijibane zaidi. Diski haina msaada huo, na gari hili halina buster, kwa hiyo pedeli sasa inataka mguu wenye nguvu. Bibi alitikisa kichwa pale kwenye usukani. Hilo analijua vizuri.

Lakini si diski zilizoniingiza uani. Ni yale maneno matatu.

Mafuta ya breki hayabanwi, hewa hubanwa. Kiputo kikibaki kwenye bomba, mguu unakibana kiputo na gurudumu halipati kitu. Kila bomba likifunguliwa, hewa huingia, lazima itolewe. Mwalimu huchomeka mpira mwembamba, wa kuona ndani, kwenye nipeli ya gurudumu, na mwisho wake wa pili anauzamisha kwenye chupa ya maji iliyotiwa mafuta kidogo. Mguu unakanyaga. Mkono unafungua nipeli nusu mzunguko. Mafuta machafu, rangi ya chai ya rangi, yanakuja na viputo vyake. Mkono unafunga. Hapo tu ndipo mguu unaruhusiwa kuachia. Ukitangulia, breki inavuta hewa yenyewe na mmerudi mwanzo.

Na hawa wawili hawaonani. Yeye yuko chini, nyuma. Mkewe yuko mbele, anatazama ukuta wa choo. Ndiyo maana kila neno linajibiwa. "Asiponijibu, sifungui," alisema. Mwaka mmoja jirani alipiga hodi, bibi akaachia. Au mwalimu alichelewa kufunga. Kila mmoja alinipa hadithi yake, na mimi si hakimu.

Chini ya pedeli niliona kipande cha ubao, kimelainika kwa miaka. Nilitaka kukiokota nikidhani kimedondoka. "Acha!" wakasema wote wawili. Masta silinda kuukuu, alinieleza mwalimu, pistoni yake imezoea kutembea mwanzo wa njia tu. Huko mbele, ambako haijafika siku nyingi, kuna kutu. Ukiizamisha pedeli hadi sakafuni, mpira wa pistoni unakwaruzwa na ile kutu, unaanza kuvujisha kwa ndani, na nje huoni tone. Ubao unauzuia mguu usifike huko. Baadaye niliwauliza mafundi wawili mjini. Mmoja alicheka, mwingine alikwenda kutafuta ubao.

Alianzia gurudumu la nyuma kushoto, ingawa kitabu chake cha zamani kinasema nyuma kulia. Huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, nayo hukaa upande wa dereva. "Kitabu ni kizuri," alisema, "ila usukani wake uko kushoto."

Mafuta ananunua kopo lililofungwa, DOT 4, na kopo likishafunguliwa haliwekwi akiba. Yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanywa maji ya hewani, kipimo kinashuka hadi 155, na hewa ya Tanga ina maji ya kutosha. Yakichemka mteremkoni huzaa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa.

"Ndiyo hiyo 'breki zilifeli' mnayoandika magazetini," akaniambia. "Mnaishia hapo. Hamuulizi mafuta yalikuwa ya lini."

Sikuwa na la kujibu. Nikamuuliza nani atakagua kazi yake. Akasema ataanza hapo hapo uani, mwendo wa kutambaa, kisha barabara tupu alfajiri. Halikuwa jibu la swali langu. Nikamuuliza pia kuhusu vumbi la viatu vya zamani, ambavyo vingi vilikuwa na asbesto. Alinyamaza kidogo. Alikuwa akilipuliza kwa mdomo, miaka na miaka, wanafunzi wamemzunguka wakijifunza. Siku hizi analowesha kwa maji kwanza.

"Kuna mpira wenye vali," bibi alisema ghafla, "mtu anatoa hewa peke yake. Nimeuona kwenye simu ya mjukuu. Namwambia anunue, hasikii. Na goti langu hili."

Mwalimu alikuwa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Limebaki gurudumu moja," alisema hatimaye. "Mwanangu, vua viatu."

Nikakaa. Pedeli ilikuwa ngumu, na bado ina joto la unyayo wa bibi.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia." Pedeli ikazama taratibu chini ya mguu wangu mpaka ikagusa ubao. Huko gurudumuni kimya. Nikatazama ukuta wa choo, nikasubiri.