Feni Inaponguruma Baada ya Kupiga Windows Mpya

Feni ya kompyuta mpakato haijiamulii kasi yake. Kwenye ubao mama kuna chipu ndogo inayosoma vihisi vya joto vilivyo karibu na prosesa, kisha huiamuru feni izunguke taratibu, iongeze mbio au isimame. Chipu hiyo hufuata maelekezo ya BIOS, programu iliyowekwa na kiwanda. Mfumo endeshi kama Windows nao una sehemu yake, kwani ndio unaoamua prosesa ifanye kazi kiasi gani, na kazi ndiyo inayozaa joto. Kwa hiyo mashine iliyokuwa kimya miaka yote huweza kuanza kunguruma siku ileile iliyopigwa Windows mpya, na kusiwe na kifaa hata kimoja kilichoharibika.

Huko Kaisho, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kompyuta ya steshenari au ya ofisi ya chama cha ushirika cha kahawa (AMCOS) mara nyingi huwa ni ya mtumba, kama ilivyo kwingi Tanzania. Mashine za namna hiyo ndizo zilizobanwa zaidi Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haizikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2017. Kwa Intel, inataka kizazi cha 8 na kuendelea. Fundi anaweza kulikwepa sharti hilo na mfumo ukakaa vizuri, lakini kampuni iliyotengeneza kompyuta huenda haikuandaa draiva za toleo hilo.

Kelele za siku ya kwanza si za kutisha. Baada ya kusimikwa, Windows hupanga upya faharasa ya mafaili yote, hukagua virusi na kupakua masasisho, na kazi hizo huichosha prosesa hata kama mtumiaji hajafungua chochote. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager hufunguka na kuonyesha ni programu gani inayokula prosesa. Ikiwa ni huduma za Windows zenyewe, dawa ni kuiacha mashine kwenye chaji usiku kucha. Halafu ichaguliwe Restart, si kuzima na kuwasha, kwa sababu kwenye mashine nyingi kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha ilivyokuwa.

Siku mbili tatu zikipita kelele ipo palepale, jicho liende kwenye draiva. Hapa ndipo penye chanzo kinachopuuzwa mara nyingi. Kaisho, kama vijijini kwingi, kompyuta hupata intaneti ya kurushiwa kutoka simuni, na mwenye nayo, kwa kulinda bando, huwasha mpangilio wa Metered connection. Bando hupona, ila kwa kawaida Windows huacha kupakua draiva. Mashine iliyopigwa Windows kwa flashi bila intaneti huweza kubaki bila draiva vilevile. Dalili yake huonekana ndani ya Device Manager: chini ya Display adapters pakiwa na maneno Microsoft Basic Display Adapter, chipu ya picha haina draiva yake, na kazi ya kuchora kila kitu kwenye skrini imebebeshwa prosesa. Video fupi tu hutosha kuifanya feni ipige kelele. Tiba ni kuuzima mpangilio huo kwa muda, au kupakua draiva za chipu ya picha na za ubao mama kwenye tovuti ya HP, Dell au Lenovo kwa kufuata namba ya modeli iliyo mgongoni mwa mashine. Zinaweza kupakuliwa Kayanga au Bukoba kwenye mtandao mzuri na kuletwa kwa flashi.

Kuna chanzo kingine kinachostahili kusemwa waziwazi. Programu za kuvunja leseni ya Windows, ambazo hugawiwa bure, mara nyingi hubeba programu hasidi, na baadhi huchimba sarafu za kidijitali kwa manufaa ya mtu aliye mbali. Prosesa ikipanda hadi karibu asilimia 100 bila sababu, kisha ikashuka ghafla Task Manager inapofunguliwa, kuna kila sababu ya kushuku. Mashine hiyo isimikwe upya kwa nakala safi.

Mipangilio ya matumizi ya umeme nayo huweza kubadilika wakati wa kuhamia toleo jipya. Ikirudishwa kwenye mpango wa Balanced, kelele huweza kupungua.

Kusasisha BIOS huweza kurekebisha jinsi feni inavyoongozwa, lakini ni kazi ya tahadhari kubwa. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera imetegemea kwa miaka mingi umeme unaonunuliwa Uganda, na kukatika si jambo geni. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo huku betri ikiwa imechoka, ubao mama unaweza kufa. Mashine ya mtumba yenye betri mbovu ni heri isiguswe BIOS.

Aliyehamia Windows 11 juu ya Windows 10 bila kufuta diski ana siku 10 za kurudi toleo la awali kupitia sehemu ya Recovery. Zikipita, mafaili ya zamani huondolewa.

Yote hayo yakishindikana, ndipo bisibisi inaposhikwa. HP ikitoa kosa 90B inapowashwa, au ThinkPad ikiandika Fan error, feni haizunguki ipasavyo na Windows haihusiki. Mara nyingi, hata hivyo, feni ni nzima na njia ya hewa ndiyo imeziba. Kati ya Juni na Agosti vumbi jekundu la barabarani huingia kila mahali, na ofisi iliyo jirani na mashine ya kukoboa kahawa huongezewa unga wa maganda. Vumbi hilo hugandamana kwenye mapezi membamba yanayopokea joto kutoka kwenye bomba la shaba. Tena, kwenye mwinuko wa mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, hivyo feni hubeba joto kidogo kwa kila mzunguko.

Blowa ikitumika, panga za feni zizuiwe kwanza kwa njiti. Zikizungushwa kwa kasi ya upepo, huharibu beringi na huweza kurudisha umeme kwenye ubao mama. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa hufutwa kwa spiriti na kuwekwa nyingine, kiasi cha punje ya mchele. Ikibidi feni ibadilishwe, agizo la Mwanza au Kariakoo lifuate namba iliyo kwenye stika ya feni ya zamani, si jina la kompyuta pekee, kwa kuwa modeli moja huweza kutumia feni za aina mbili zenye plagi tofauti.