Zege Halijali Mko Wangapi

Swali limenifikia tena wiki iliyopita, safari hii kutoka kwa vijana wa kanisa. "Mhandisi, tumechangishana, tuko watu 40 na saruji mifuko 80. Tukianza Jumamosi alfajiri, nyumba ya yule mama si itaisha siku hiyohiyo?" Kabla yao waliniuliza wafanyakazi wa ofisi moja, na kabla ya hao, kikundi cha watu waliosoma pamoja sekondari. Nina miaka 22 katika kazi ya majengo, na nusu ya miaka hiyo nimekuwa nikisimamia nyumba za familia zisizo na uwezo zinazojengwa kwa nguvu za watu wa kujitolea. Nimelijibu swali hili kwa simu, kwa barua, na nikiwa nimesimama juu ya kifusi. Leo nalijibu kwa maandishi, mara moja, kwa wote.

Haitaisha. Na ikiisha siku hiyo, mjue mmempa yule mama tatizo na kulipaka rangi.

Najua imani hii ilikotoka, na ilikotoka ni kwa heshima. Bibi zetu walijengewa nyumba kwa siku moja, ni kweli kabisa. Mwenye nyumba alikuwa ametumia wiki kadhaa kusimamisha nguzo, kufunga fito, kuchimba udongo na kuulowesha. Siku ya kukandika majirani walifika wote: wanawake na maji kichwani, vijana wakikanyaga udongo kwa miguu, wazee wakishindilia madonge katikati ya fito. Jua lilipozama nyumba ilikuwa imevaa na sufuria zimekwisha. Pale wingi wa watu ulikuwa ndio ufundi wenyewe, kwa sababu udongo uliokandwa asubuhi hutaka utumike kabla ya jioni. Tena paa halikukaa juu ya udongo, lilikaa juu ya nguzo. Udongo ukipasuka uliuziba kesho yake, na nyumba ikaendelea kusimama.

Leo tumebadilisha vifaa tukabaki na kalenda ileile. Ukuta wa matofali ya saruji hauna nguzo nyuma yake. Wenyewe ndio nguzo. Unabeba kenchi, mabati, upepo wa kusi na uzito wake wenyewe, na kinachoushikilia ni kitu kimoja ambacho hakiharakishwi na nyimbo, pilau wala wingi wa fulana zinazofanana.

Watu husema saruji "imekauka". Neno hilo ndilo linaloharibu nyumba nyingi kuliko mvua. Saruji haikauki, inakomaa. Inapokutana na maji, chembe zake huanza kujifunga na maji hayo, na kifungo hicho ndicho kinachoshika mchanga na kokoto pamoja. Maji yakiondoka mapema kwa jua na upepo, kazi hiyo inasimama katikati. Juu utaona pagumu, utagonga kwa kidole na kuridhika, kumbe nguvu zimeishia njiani. Zege lililotunzwa vizuri hupata takriban theluthi mbili ya nguvu zake kwa siku 7, na sisi tunalipima likiwa na siku 28. Siku hizo 28 hazigeuki 14 kwa sababu mmeleta basi la pili.

Sasa tazama kuta. Tofali zito la inchi 6 linakaribia kilo 30. Ukilipanga juu ya udongo wa saruji ambao bado ni mbichi, linaukandamiza. Ukipanga la pili juu yake, la tatu, la kumi, zile kozi za chini zinabeba mzigo wa ukuta mzima zikiwa bado laini kama uji mzito. Viungo vinasukumwa nje, timazi inapotea, na ukuta unaanza kupinda taratibu kiasi kwamba macho hayaoni. Ndiyo maana fundi mwashi anayejua kazi haupandishi ukuta zaidi ya mita 1.5 kwa siku, yaani kozi kama sita. Akifika hapo anaweka mwiko chini. Watu wa kujitolea humwona mvivu. Nimesikia kwa masikio yangu kijana akimwambia fundi wa miaka 60, "Mzee, nguvu tunazo, tuendelee tu." Nguvu za kijana hazikuwa zikihitajika. Zilizohitajika ni nguvu za kozi ya kwanza, na hizo zilikuwa bado hazijaja.

Kila ninaposema haya natumiwa video ya Marekani. Tuimalize basi hoja hiyo. Mwezi Desemba 2002, katika kaunti ya Shelby jimboni Alabama, tawi la shirika la Habitat for Humanity lilijenga nyumba kwa saa 3, dakika 26 na sekunde 34. Ni rekodi ya kweli. Lakini kuta zake ni za mbao. Ukuta wa mbao huundwa ukiwa umelala chini, ukainuliwa, ukapigwa misumari, na papo hapo ukapokea paa. Msumari ukishapigwa umeshika. Ukitaka kushindana na Alabama, jenga kwa mbao, na usiniletee mifuko 80 ya saruji.

Tena shirika hilohilo halikusimama kwa mashindano ya saa. Waanzilishi wake, Millard na Linda Fuller, walijenga nyumba Mbandaka, katika Zaire ya wakati ule, kuanzia 1973, wakarudi kwao na kulianzisha mwaka 1976 mjini Americus, Georgia. Utaratibu wao wa siku zote ni wa polepole: familia itakayoingia kwenye nyumba inafanya saa nyingi za kazi katika ujenzi, na inarejesha gharama kidogo kidogo. Watu wanazitazama zile saa tatu kwenye simu, lakini hakuna anayeniuliza kuhusu saa za familia, na hizo ndizo zilizojenga nyumba nyingi. Nitazirudia.

Haraka huzaa kosa la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza. Kuchanganya zege kwa chepe ni kazi nzito. Ikifika saa nne asubuhi mikono ya watu wa ofisini imeota malengelenge, na hapo hutokea mmoja anayesema, "Ongezeni maji, litakuwa laini." Linakuwa laini kweli. Hesabu yake ni hii. Mfuko wa kilo 50 unahitaji maji kama lita 25, na pungufu ya hapo mchanga ukiwa na unyevu. Ukiongeza ndoo moja ya lita 20 umefika lita 45. Saruji haina matumizi na maji hayo ya ziada. Yatakaa ndani ya zege, yatatoka baadaye kama mvuke, na kila yalipokuwa patabaki tundu. Duff Abrams alilieleza jambo hili kwa vipimo huko Chicago mwaka 1918: kadiri maji yanavyozidi kwa saruji ileile, ndivyo nguvu zinavyoshuka. Kwa ndoo ile moja umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu za zege ulilochangisha kwa jasho. Umeiba nusu ya saruji ya yule mama ukitumia maji.

Halafu kuna kulifufua zege. Kikundi kinachanganya mifuko kumi kwa mpigo, mgeni rasmi anafika, watu wanaenda kupiga picha na kusikiliza hotuba. Wakirudi zege limeanza kushika. Wanalimwagia maji, wanaligeuza upya, wanalipeleka kwenye mkanda wa linta. Zege lililoanza kushika halifufuki. Litupe, au lijaze kwenye shimo la njia. Usiliweke juu ya kichwa cha mtoto wa mtu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa na kikundi kilichofika na mabasi mawili. Kuta zilikuwa zimepanda kutoka jamvi hadi linta kwa siku moja. Linta ilimwagwa jioni hiyohiyo kwa tochi za simu, na miti iliyoishikilia ikang'olewa siku ya tatu kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Mimi siing'oi kabla ya siku 14. Nilikuta ufa umetoka kona ya mlango ukapanda hadi kwenye kenchi, na ukuta wa chumba cha watoto umebetuka nje. Mama mwenye nyumba alikuwa amehamishia magodoro sebuleni. Nilimwambia ukuta ule ubomolewe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wale walionijengea wakisikia nimebomoa, hawatasema sina shukrani?"

Sijalisahau swali hilo. Mtu aliyelipia nyumba yake akiona ufa humwita fundi na kumgombeza. Aliyepewa hawezi. Anaishi chini ya ufa kwa adabu. Kwa hiyo nyumba ya msaada haistahili kuwa na viwango vya chini kwa kuwa ni ya msaada. Inastahili kujengwa kwa uangalifu kuliko nyumba yako wewe, maana mwenyewe hatapaza sauti.

Msinielewe kwamba nasema mbaki nyumbani. Hujibiwa, "Lakini kidole kimoja hakivunji chawa." Sawa, ila hata vidole vina zamu. Swali mnaloniuliza, la kumaliza siku moja, halina faida. Swali lenye faida ni hili: nani atakuwa kiwanjani Jumanne?

Jumanne hakuna mgeni rasmi wala muziki. Kuna jamvi lililomwagwa Jumamosi na jua la saa tano, na linataka maji. Linataka maji asubuhi na jioni kwa siku 7 zisizopungua, likiwa limefunikwa magunia mabichi, nyasi au nailoni. Kuta nazo zinataka, na mkanda pia. Kazi hiyo haihitaji ufundi, inahitaji mtu mwaminifu mwenye ndoo. Ndiyo inayoongeza nguvu za nyumba kwa bei ndogo kuliko kitu chochote mtakachonunua, na ndiyo inayoachwa kila mara. Hapa ndipo zile saa za familia zinapopata maana. Familia iliyoshirikishwa tangu kuchimba msingi inajua kwa nini inamwagilia, na itamwagilia hata ninyi mkiwa kazini. Familia iliyokalishwa kwenye viti vya plastiki kutazama haitajua.

Mliobaki, yafuateni haya. Kabla ya senti moja kutoka, ulizeni kiwanja ni cha nani. Mtaani, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mwone hati au leseni ya makazi. Kijijini, hatimiliki ya kimila. Mama awe na jina lake pale, maana nimeona nyumba nzuri ikichukuliwa na mashemeji kabla rangi haijakolea. Mlipeni fundi mkuu, na awe wa mtaa huohuo. Neno lake ndilo la mwisho, hata kama mwenyekiti wenu ni meneja. Nunueni matofali mwezi mmoja kabla, mkwaruze moja kwa msumari. Likichubuka kama biskuti, rudisheni yote. Mchanga wa ufukweni msiuguse, chumvi yake inakula nondo. Pimeni kwa ndoo, si kwa chepe. Changanyeni mfuko mmoja mmoja, umalizike ndipo mwingine. Vaeni glavu na viatu vya kufunika mguu, saruji inaunguza ngozi, watoto wasiichezee. Asiyewahi kupanga tofali asianzie ukutani, aanzie kubeba, kuchimba shimo la choo, kushindilia kifusi, kusafisha, kupaka rangi. Fedha ikibaki, jengeni choo kabla ya baraza. Ikiwa hamna muda kabisa, changeni fedha za kumlipa fundi na mtu wa maji, mwende mkaone nyumba ikikamilika. Huo nao ni mchango kamili.

Siku za umati zipo, nazo ni mbili. Ya kwanza ni ya kuchimba msingi na kujaza kifusi. Hapo njooni wote, leteni na ngoma, fanyeni msaragambo kama wazee wa Upare na Usambara, kwani udongo haudai siku 28. Ya pili ni ya kupaka rangi na kumhamishia mama vyombo vyake. Katikati ya hizo mbili, watu watano kwa Jumamosi wanatosha, wawe chini ya fundi, kwa Jumamosi nane. Hesabuni: watano mara nane ni 40. Ukiacha zile siku mbili za wote, kila mmoja wenu anatoa siku ileile moja aliyokuwa tayari kuitoa.  Tumewapanga tu kwa kalenda ya zege.

Vijana wa kanisa, hilo ndilo jibu lenu. Msiniletee tena idadi ya watu wa Jumamosi, hiyo ninayo. Nileteeni orodha ya majina mawili kwa kila siku, kuanzia Jumapili mpaka Jumamosi inayofuata, na saa mbili za kila siku: saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Orodha ikijaa, tutaanza kuchimba.