Mkate na Chai Pekee Havitoshi

Katika nyumba nyingi za parokia zetu watoto huenda shule asubuhi wakiwa wamekunywa chai ya rangi yenye sukari na kula vipande viwili vya mkate. Tumbo limejaa, na wazazi wanaona wametimiza wajibu. Lakini sisi tunaohudumu kliniki tunapokea watoto wenye viganja vilivyopauka, wanaochoka upesi na kusinzia darasani. Malaria na minyoo huleta upungufu wa damu, ndiyo. Hata hivyo, tukimwuliza mama mtoto anakula nini, mara nyingi jibu ni hilo hilo: chai na mkate.

Hatusemi mkate ni mbaya. Tunasema mkate unahitaji mwenzake. Tuwatazame watu wa mataifa ambayo mkate ndio chakula chao cha kila siku.

Wenzetu wanakulaje?

Misri. Wamisri huuita mkate "aish", neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, ambalo ni ndugu wa neno letu "kuishi". Asubuhi huula na ful, yaani maharage manene ya kahawia yaliyopikwa kwa moto mdogo usiku kucha, yakatiwa mafuta, bizari na maji ya ndimu. Mkate wenyewe ndio kijiko. Ni chakula cha maskini na cha tajiri pia.

Ethiopia. Mkate wao ni injera, mpana na laini, wa nafaka ndogo sana iitwayo tefu. Unga huchachushwa siku kadhaa kabla ya kupikwa, na kuchachusha huko huusaidia mwili kupata madini zaidi. Juu yake huweka mchuzi wa adesi au wa unga wa dengu. Wakristo Waorthodoksi wa huko hawali nyama, maziwa wala mayai wakati wa Kwaresima, na pia Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima. Siku hizo mchuzi wa jamii ya kunde ndio nguzo ya mlo.

India. Huko ndiko chapati ilikotoka. Kwao hupikwa zaidi kwa unga wa ngano usiokobolewa, na huliwa na dali, yaani mchuzi mzito wa adesi, choroko au dengu, pamoja na mboga au mtindi. Sisi tulipoipokea chapati, mara nyingi tuliiacha dali nyuma tukaweka chai mahali pake. Watu wa pwani wamefanya vizuri zaidi: mahamri yao huliwa na mbaazi za nazi.

Kwa nini kunde na ngano?

Protini inayojenga mwili wa mtoto imeundwa kwa sehemu ndogo ndogo nyingi. Ngano ina upungufu wa sehemu moja iitwayo laisini. Maharage, kunde na mbaazi zina laisini ya kutosha, lakini zina upungufu wa sehemu nyingine, methionini, ambayo ngano inayo. Zikiliwa siku moja, kila moja huziba pengo la mwenzake. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Maharage yana pia madini ya chuma yanayotengeneza damu. Ndimu, chungwa, pera au embe lina vitamini C, ambayo huusaidia mwili kuyachukua madini hayo. Chai hufanya kinyume: huyazuia. Basi ile ndimu ya Wamisri si ya ladha tu.

Tufanye nini nyumbani?

1. Loweka maharage kabla ya kuyapika. Yataiva upesi na utaokoa kuni. Pika ya kutosha chakula cha jioni na cha asubuhi. Yafunike vizuri mahali pa baridi, na asubuhi yachemshe tena mpaka yatokote kabisa. Yakibadilika harufu, yatupe.

2. Asubuhi mpe mtoto mkate au chapati pamoja na maharage, mbaazi au choroko. Kama hakuna, paka mkate karanga zilizosagwa, au mpe yai.

3. Ongeza tunda la msimu au kamulia ndimu kwenye maharage.

4. Chai inywewe baadaye, angalau saa moja baada ya kula. Wakati wa kula, maji safi yaliyochemshwa yanatosha.

5. Mtoto aliyetimiza miezi sita apondewe maharage yenyewe. Mama wengi humpa mchuzi wake tu, na chakula kinabaki sufuriani. Kabla ya miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanatosha.

6. Mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, wala asivimeze kwa chai.

Baba naye ana sehemu yake. Anapoleta mkate nyumbani, alete na maharage. Na mtoto aliyepauka viganja, anayehema haraka au aliyevimba miguu, msimtibu kwa chakula peke yake. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo.