Gesi Isiyodai Wala Kudaiwa

Katika bonde la Rukwa, upande wa Momba katika mkoa wetu wa Songwe, ziko chemchemi za maji moto zitoazo mapovu usiku na mchana. Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu hapa Tunduma alituuliza: "Maalim, ikiwa ile ni gesi, mbona haiwaki kama ya jikoni?" Hatukuona haya kumwomba muhula mpaka tusome kwanza.

Katika mapovu yale imo heliamu. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham waliitangaza khabari ya bonde hili mwaka 2016, na mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula kikaitoa hadi juu ya ardhi. Huzaliwa polepole mno ndani ya miamba ya kale, urani na thori zinapochakaa.

Ama sababu ya kutowaka ni hii. Kila atomu ina kiini, na pembeni yake elektroni zilizopangika tabaka kwa tabaka. Tabaka la kwanza hutimia kwa elektroni 2, na la pili kwa 8. Atomu isiyotimia hutafuta mwenziwe. Tazameni chumvi ya Ivuna, ambayo wenyeji wameichemsha kwa karne nyingi: sodiamu ina elektroni 1 ya ziada, klorini imepungukiwa 1; moja hutoa, nyingine hupokea, ikawa chumvi. Kuwaka nako ni kuungana na oksijeni. Lakini heliamu ina elektroni 2 tu, na tabaka lake limejaa. Haidai wala haidaiwi. Neoni na agoni, zenye 8 katika tabaka la nje, ni za ukoo huo huo, na agoni imo katika hewa tuivutayo, karibu sehemu 1 katika 100.

Ukoo huu haukukataa kabisa, lakini. Mwaka 1962, huko Kanada, Neil Bartlett aliilazimisha zenoni kuungana, kwa kuwa elektroni zake za nje ziko mbali na kiini na hazikushikwa sana.

Enyi wazazi, tahadharini hapa. Kutoungana na kitu si kutodhuru. Wako vijana wavutao heliamu ya maputo ili sauti ibadilike wacheke. Haina harufu wala si sumu, lakini hukalia mahali pa oksijeni kifuani, na mtu huzimia asijijue, hata akafa. Aivutaye moja kwa moja kutoka mtungini huweza kupasuka mapafu.

Hospitali huitumia heliamu iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, kupozea sumaku za mashine zipigazo picha ndani ya mwili.

Kijana yule alipokwisha kuelewa, akauliza tena: "Povu likipasuka, gesi huenda wapi?" Tukamwambia kuwa maji hurudi kwa mvua, lakini heliamu ni nyepesi na haikushikamana na kitu; hupanda, na mwisho huiacha dunia. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama kisima cha Itumbula kina kifuniko.